Swali Nililolijibu Bila Kulisoma

Mmenicheka miaka mingi, mafundi wenzangu, nami nimewaacha mcheke. Mlisema Bi Mwanaidi akimaliza kazi hafungi begi mpaka asikie adhana, na mwenye ulimi mrefu kati yenu akaongeza kwamba huwa nasubiri pilau ya wenyeji. Sasa nimestaafu. Begi nimeliacha karakana kwenye msumari wake, nami nimekaa Nguvumali, hapa hapa Tanga, kwenye baraza yangu mwenyewe, sina wa kunituma. Naandika haya ili mjue nilikuwa nikisubiri nini. Pilau ilikuwa ya ziada, tena si kila mahali ilipatikana.

Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Anayetaka kujua nilipandishwa lini na aende akasome faili, kama panya wamebakisha kitu.

Siku yangu ya kwanza karakana nilivaa baibui jipya na viatu vya kisigino, maana nilidhani kompyuta ni kazi ya ofisini. Mzee Hiza, Mbondei wa Muheza aliyeanza na redio kabla hajahamia kwenye kompyuta, alinitazama miguuni, akanipa ufagio. Akasema ameangusha skrubu tatu, nifagie mpaka nizipate. Nilifagia asubuhi nzima. Nikapata mbili. Nilipomwambia ya tatu sijaiona, aliitoa mfukoni mwa shati lake, akaniambia nimepita. Waliotangulia, wawili kati yao, walichukua skrubu kwenye kopo na kumletea kwamba ndiyo ile. Hao hawakurudi kesho yake.

Huyo ndiye aliyenifundisha. Alinifundisha kugusa chuma ili umeme wa mwilini utoke kabla ya kugusa ubao wa mashine, kupuliza vumbi la chumvi la hapa kwetu pwani kabla halijala miguu ya chipu, na kuandika kila kitu kwenye daftari la kazi kwa kalamu ya wino, siyo penseli. Mkono wake ulikuwa mwepesi na ulimi wake mzito. Akikusifia, ujue anaumwa.

Kazi iliyotupa jina ilikuwa kuweka mifumo miwili ya kuendeshea kompyuta, wakati mwingine mitatu, kwenye diski moja. Nyinyi mliokuja juzi mnaona ajabu, kwa nini mtu asinunue mashine ya pili. Haikuwepo. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja, programu moja ya zamani isiyokubali ila Windows, na programu nyingine iliyoletwa na wafadhili isiyokubali ila Linux. Basi unaigawa diski, kila mfumo unapewa sehemu yake, na mashine ikiwashwa inatoka orodha, mtu anachagua aingie wapi. Akitaka kwenda kwa mwenzake, anazima na kuwasha upya.

Mzee Hiza alikuwa akieleza hivi: diski yenye mifumo miwili ni nyumba ya wake wenza. Kila mmoja ana chumba chake na ufunguo wake, lakini mlango wa mbele ni mmoja na saa ya ukutani ni moja. Windows mpige kwanza, yaani muweke kabla ya mwenzake, maana huyo akikuta mtu mlangoni humfukuza na kujifanya hakumwona. Linux aje nyuma yake, huyo ana adabu, ataandika majina ya wote wawili kwenye orodha. Sisi tulicheka. Yeye mwenyewe alikuwa na mke mmoja, na alimwogopa.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la vyumba. Shule moja upande wa Muheza, nilikosea hesabu ya sehemu za diski. Programu moja ilizihesabu kuanzia sifuri, nyingine kuanzia moja, nikafuta sehemu yenye majina na alama za wanafunzi wote. Mzee Hiza hakunigombeza. Alinitafutia chumba cha kupanga karibu na shule ile, nikakaa wiki tatu kuyaandika upya majina kutoka kwenye madaftari ya walimu, mpaka nikaota naita mahudhurio. Tangu hapo aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sikugusa diski ila nimechora vyumba vyake kwenye karatasi, nimehesabu mara tatu, nimemwita mtu wa pili ahesabu. Macho yangu yote yakawa vyumbani. Mlango niliujua. Saa ya ukutani, kusema kweli, sikuwahi kuifikiria.

Ndipo ikaja kazi ya kituo cha afya ng'ambo ya mto Pangani. Jina lake silitaji, hawakuwa na kosa. Mzee Hiza alikuwa amekwisha kustaafu, nilikwenda peke yangu. Mashine ilikuwa moja, imewekwa kwenye kichumba kati ya wodi ya wazazi na stoo ya dawa, na pande zote mbili ziliitegemea. Wodi walikuwa na programu ya wagonjwa kwenye Windows. Stoo walikuwa wameletewa programu ya kuagizia dawa kwenye Linux. Mtandao haukufika.

Muuguzi wa mchana alikuwa Stella, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Nilimwomba anionyeshe programu yake ili nijue nisivunje nini. Akanionyesha. Mgonjwa akichomwa sindano, muuguzi anabonyeza kitufe kimoja, mashine yenyewe inaandika saa, kisha inahesabu sindano inayofuata ni saa ngapi. Wakati ukifika, jina la mgonjwa linageuka jekundu. Alinipa mfano wa kifafa cha mimba: dawa yake huchomwa kila baada ya saa nne. Ikichelewa, mama anaweza kushikwa na degedege tena. Ikiwahi, dawa inazidi mwilini na mama anaacha kupumua. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikarudi kuchora vyumba vyangu.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Nilipokuwa naweka Linux, katikati ya maswali mengi ya lugha na ya kibodi, likaja swali moja dogo: je, saa ya mashine hii inafuata saa ya dunia? Sikulisoma mpaka mwisho. Nilibonyeza ndiyo, kama unavyomjibu mtu anayekuuliza njiani habari za nyumbani. Nikawasha Windows, ikawaka. Nikawasha Linux, ikawaka, saa yake imekaa vibaya kidogo, nikairekebisha kwa mkono. Nikaandika kwenye daftari kwa wino: imekamilika. Nikawahi pantoni ya alasiri.

Wiki ya pili Stella alipiga simu. Saa ya kompyuta inarudi nyuma. Nikamwambia ni betri, ile ndogo ya mviringo, ukubwa wa kifungo cha koti, inayoendesha saa mashine ikiwa imezimwa. Nilimtumia mpya kwa kondakta wa basi na maelezo ya kuipachika. Baada ya siku chache akapiga tena: inarudi nyuma bado, lakini si neno, kila asubuhi akiingia zamu anairekebisha. Aliongeza kwamba saa ya ukutani ya wodi imekufa siku nyingi, na simu zao wanazifungia kabatini wakiwa kazini, kwa hiyo wodi nzima inaangalia saa ya kompyuta. Nikamwambia nitapita. Nilikasirika, nakiri. Niliona watu wa kituo wanababaika na kitu kidogo. Nikapita baada ya wiki mbili, nikiwa na betri nyingine mfukoni.

Siku hiyo nililala Pangani mjini kwa shemeji yangu ili nivuke mapema. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa kwenye gati, manyunyu ya masika yananidondokea, pantoni iko upande wetu inasubiri lori la nazi lipakiwe. Nani nikamkuta hapo? Sefu, mtunza stoo wa kile kituo, ambaye alikaa mjini na kuvuka kila siku. Tukasalimiana, akaanza kunitania kwamba fundi wa Tanga anauza mashine zenye kiherehere.

Nikamuuliza kiherehere gani.

"Saa yako inakimbia, dada. Kila nikiwasha upande wangu naikuta iko mbele. Jana jioni nimeirudisha tena. Nahisi wale wa wodi wanaichezea."

Nikamwambia wodi wanasema inarudi nyuma. Akacheka, akasema basi mmoja wenu mwongo. Nikamuuliza inakimbia kiasi gani. Akajibu bila kufikiri kwamba ni saa tatu kamili, haizidi dakika wala haipungui. Stella naye, kwenye simu ya pili, alikuwa ameniambia saa tatu kamili.

Betri inayokufa haijui hesabu. Leo itapoteza dakika kumi, kesho siku mbili. Saa tatu kamili ni tofauti yetu sisi na saa ya dunia, ile ambayo nchi zote huanzia kuhesabu zao. Pale pale gatini nililiona lile swali dogo, na kidole changu kikibonyeza. Linux niliiambia kwamba saa ya mashine, ile saa moja ya ukutani ya Mzee Hiza, ni ya dunia, Windows ikaamini ni ya Pangani. Sefu akirekebisha yake, anaiharibu ya wodi. Stella akirekebisha yake, anaiharibu ya Sefu. Watu wawili waaminifu walikuwa wakigombana kwa adabu kwa mwezi mzima, kila mmoja akisafisha anachokichafua mwenzake, na aliyewagombanisha ni mimi.

Hapo bado nilikuwa naona aibu tu. Hofu ilinijia lilipofuata jambo la pili. Kama Sefu aliirudisha jana jioni, basi wodi wamekesha usiku kucha na saa iliyo nyuma kwa saa tatu. Kila sindano iliyochomwa usiku imeandikwa saa tatu kabla ya wakati wake. Na asubuhi hii Stella ataingia zamu, ataona saa iko nyuma, ataisogeza mbele kama kawaida yake. Saa itakuwa ya kweli. Maandishi yatabaki ya uongo, na mashine itaitisha sindano inayofuata saa tatu mapema.

Nikamuuliza Sefu kama wodi ya wazazi ina mgonjwa. Akaacha kucheka kwa kuona uso wangu. Akasema jana magharibi kaletwa Zainabu, binti wa Bi Mwanakombo, mimba yake ya kwanza. Kashikwa na kifafa cha mimba njiani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa dawa stoo kabla ya kuondoka.

Nilimpigia Stella. Simu iliita, ikaita, ikanyamaza. Sefu akapiga ya mganga mkuu wa kituo, naye alikuwa Tanga kwenye mkutano. Lori la nazi lilikuwa nusu juu ya pantoni, tairi la nyuma limeteleza kwenye ubao, na vijana sita wanalisukuma huku wakishauriana. Nilimwendea nahodha, nikamwambia kuna mgonjwa. Akaniangalia mikononi, akaona begi la bisibisi. Akasema mama, lori likianguka hapa hakuna atakayevuka leo, mgonjwa wala mzima. Alisema kweli. Sijawahi kuichukia kweli kama siku ile.

Mto ule ni mwembamba. Ukiwa upande wa mjini unawaona watu wa ng'ambo wakifungua vibanda vyao. Nilisimama kwenye ukingo wa pantoni nikihesabu sindano ambazo sikuzijua, huku Sefu ameshika mwavuli juu yangu. Nilimwogopea mtoto wa watu. Nilijiogopea na mimi pia, sitadanganya.

Tuliposhuka, Sefu alinipakia kwenye bodaboda ya kwanza. Saa ya simu yangu ilionyesha saa mbili na dakika nne nilipofika mlango wa wodi, matope mpaka magotini, nikisema msimchome, msimchome, kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yangu.

Wote waligeuka. Stella alikuwa amesimama kando ya kitanda cha dirishani. Trei ilikuwa juu ya stuli, na ndani yake sindano iliyojaa. Kitandani alilala msichana aliyevimba uso, kifua chake kikipanda na kushuka polepole. Kati ya Stella na kitanda alikaa mwanamke wa makamo, kanga begani, tasbihi mkononi. Hakuwa amesimama kuzuia. Alikuwa amekaa tu, lakini alikaa mahali ambapo ungelazimika kumruka.

Nilikuja kuelezwa baadaye. Saa mbili kamili jina la Zainabu liligeuka jekundu. Mashine ilisema sindano ya mwisho ni saa kumi alfajiri. Muuguzi wa usiku alikuwa ameondoka kwa haraka baada ya kuzalisha mama mwingine, akasema tu ya Zainabu yote yamo kwenye kompyuta. Stella akaandaa dawa, akampima mgonjwa goti kwa kuligonga, maana dawa ikizidi mwilini goti huacha kuruka, akaona halikuitika vizuri kama alivyotarajia, akasita. Akiwa amesita, akamwambia mama mtu, kwa kumliwaza, kwamba asiwe na wasiwasi, tangu saa kumi ni muda mrefu.

Hapo ndipo Bi Mwanakombo alipojibu, na Stella alinirudishia maneno yale neno kwa neno:

"Saa kumi? Hapana, mwanangu. Saa kumi hata alfajiri ilikuwa haijaadhiniwa. Mie nimesali hapa chini, kando ya kitanda, nimevuta uradi wangu wote, jua limetoka, chai imepita, ndipo mwenzio akaja kumchoma. Hata kikombe hakijapoa vizuri."

Stella ni Mkristo wa Muheza, hakuhesabu siku yake kwa adhana. Lakini alijua mtu anayehesabu hivyo hakosei kwa saa tatu. Alikuwa ameishusha sindano kwenye trei kabla bodaboda yangu haijazima. Nasema hili ili msije mkasimulia kwamba fundi aliokoa mtu. Fundi alifika kazi imekwisha fanywa na mama mwenye tasbihi.

Wakamtuma mhudumu kwa muuguzi wa usiku, ambaye alikaa karibu. Akarudi na jibu: alimchoma saa moja asubuhi. Saa moja, siyo saa kumi. Inayofuata ilikuwa saa tano. Stella aliandika kwa mkono kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya kitanda, kisha akatoka nje kwenye veranda akakaa kwenye ngazi. Nilikaa karibu naye. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba alinipigia mara mbili. Nikasema ndiyo.

Niliporudi ndani, Bi Mwanakombo aliniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akashika mkono wangu na matope yake. Alikuwa amesikia kwamba nimetoka mbio tangu gatini kwa ajili ya binti yake. Akaniombea dua ndefu, kwangu na kwa wazazi wangu, walio hai na waliotangulia.

Ningeweza kuitikia amina, nikaondoka. Nilikumbuka skrubu ya tatu.

"Mama, usiniombee," nikamwambia. "Saa ile niliiharibu mimi. Niliulizwa swali, nikajibu bila kulisoma. Wakaniambia imeharibika, nikawaletea betri."

Hakuuachia mkono wangu. Tasbihi ikatembea punje tatu nne. Wodi nzima ilikuwa inanitazama. Kisha akasema:

"Basi nenda kaitengeneze. Mie nipo hapa. Adhuhuri ikiadhiniwa nitakuuliza mashine yako inasemaje."

Dawa ya kosa lile ilikuwa mstari mmoja. Unaiambia Linux kwamba saa ya mashine ni ya hapa nyumbani, basi. Haikunichukua hata dakika kumi, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Kisha nikakaa na Stella na Sefu, tukapitia maandishi ya mwezi mzima, mgonjwa mmoja mmoja, tukasahihisha kwa wino pembeni na kutia sahihi sote watatu. Hatukukuta aliyedhurika. Saa tano Zainabu alichomwa sindano yake, goti likiwa limeitika. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni kama askari.

Ningeweza kuwahi pantoni ya mchana. Begi lilikuwa tayari begani. Nikalivua, nikaliweka chini, nikawasha mashine upande wa wodi, nikasubiri.

Adhana ya adhuhuri ikapigwa kutoka msikiti wa jirani. Sauti ya Bi Mwanakombo ikatoka dirishani, haikupanda wala haikushuka:

"Haya, fundi. Inasemaje?"

Nikamsomea: saa sita na dakika thelathini na moja. Akasema subiri. Nikazima, nikawasha upande wa Sefu, nikasoma tena: saa sita na dakika thelathini na nne. Akasema rudi kule kwa mwanzo. Nikazima, nikawasha, nikasoma. Mara ya tatu ndipo akasema sasa sawa, akaondoka kwenda kutia udhu.

Zainabu alijifungua kesho yake, mtoto wa kike. Hawakumpa jina langu, wala sikustahili. Daftarini nilikata neno imekamilika la mwanzo, nikaandika chini yake kilichotokea chote, na jina langu. Ukurasa huo bado upo, mnaweza kuutazama.

Basi ndiyo hiyo pilau yangu. Kila nilipopiga mifumo miwili, kwa miaka yote iliyobaki, nilikaa mpaka nisikie kitu kisichotoka ndani ya mashine kikiniambia ni saa ngapi. Mlikuwa mkiniona nimekaa na begi miguuni, mkadhani nasubiri sahani. Nilikuwa nasubiri kuulizwa.